Ile Picha ya Mashua Nyumbani kwa Shangazi

Katika Idi ya mwaka jana, tulipokusanyika Muscat nyumbani kwa binti wa marehemu Shangazi, mjukuu mmoja alinishika mkono akanipeleka ukumbini, akanionyesha picha iliyotundikwa juu ya kochi, kisha akaniuliza: "Babu, hawa wanakwenda wapi?" Nilitaka kumjibu kwa neno moja nikashindwa, kwani swali hilo limegombewa katika jamaa zetu kwa zaidi ya miaka arobaini, na wengi katika waliokuwa wakiligombea wameshatangulia mbele ya haki. Ndipo nilipowaomba wanaokikusanya kitabu chetu hiki waniachie kurasa chache, ili yale ninayoyajua juu ya picha hiyo yasipotee pamoja nami.

Waliowahi kupita nyumba yetu ya Portsmouth wanaikumbuka bila ya shaka. Kwa ajili ya vijana waliozaliwa baadaye, nitaieleza. Ni bahari iliyotulia kama mafuta. Katikati pana kisiwa kidogo cha majabali marefu, yaliyopinda kama mikono miwili inayotaka kukumbatia, na ndani ya majabali hayo mmechongwa vyumba vyenye milango ya giza. Baina ya majabali imesimama miti mirefu, meusi, iliyosongamana hata huoni kilicho nyuma yake. Mbele, mashua ndogo inakikabili kisiwa. Nyuma ya mashua amekaa mtu wa makasia. Mbele amesimama mtu aliyejifunika nguo nyeupe kutoka kichwani mpaka miguuni, ametupa mgongo. Na mbele yake limelazwa jeneza lililofunikwa kitambaa cheupe na kupambwa maua. Hakuna ndege wala wimbi, na hakuna uso hata mmoja unaouona.

Marehemu Baba aliinunua mwaka 1979 katika duka la vitu vikuukuu, kwa pauni mbili. Wala hakuinunua kwa ajili ya picha. Aliipenda fremu, iliyokuwa ya mbao nzito nzuri, na nia yake ilikuwa aitoe ile karatasi ya ndani atie Ayatul Kursi aliyoletewa kutoka Makka. Alikwisha kugeuza fremu juu ya meza na kuanza kung'oa misumari pale Shangazi, dada yake mkubwa aliyekuwa akikaa nasi, alipotoka jikoni akaitazama na kusema: "Iache kwanza." Ayatul Kursi ikatafutiwa fremu nyingine.

Mjomba hakupendezwa. Alisema kuwa nyumba yenye picha za viumbe malaika hawaingii, na picha ya jeneza ndani ya ukumbi ni kujitakia. Baba, aliyependa amani kuliko haki, akamjibu kuwa watu wenyewe hawana nyuso, basi hizo si picha za watu bali ni picha za nguo. Hoja hiyo haikumridhisha Mjomba hata kidogo, na mpaka anafariki alikuwa akija kwetu anakaa kiti cha dirishani, akiipa picha kisogo.

Ugomvi wenyewe hasa ulikuwa baina ya Shangazi na Ami. Ami, kama mjuavyo, alikuwa baharia tangu ujana wake, na jambo lolote la chombo hakubali kufundishwa. Siku ya kwanza alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo, akasema: "Mashua hii inaondoka." Tukamuuliza kwa nini. Akasema: mwenye kupiga kafi huangalia aendako, kama mvuvi katika mtumbwi, lakini mwenye kuvuta makasia huketi akiangalia atokako, na aendako hukupa mgongo. Huyu ana makasia, na uso wake ameuelekeza kisiwani. Basi kisiwani ndiko wanakotoka. Shangazi akasema: "Wanafika." Ami akarudia somo lake la makasia. Shangazi akarudia: "Wanafika," na akenda zake kutia chai. Kila Idi mambo yakawa ni hayo hayo, mpaka watoto wakawa wanawaigiza.

Juu ya kisiwa chenyewe Shangazi hakuwa na shaka. Alikiita Chapwani. Waliokulia mjini Unguja wanakijua: ni kisiwa kidogo kilicho mbele ya bandari, jirani ya Changuu, na Waingereza wakikiita Kisiwa cha Makaburi, kwani wamezikwa huko mabaharia wao, wakiwemo wale wa manowari *Pegasus* iliyozamishwa bandarini na manowari ya Kijerumani *Königsberg* tarehe 20 Septemba 1914. Miti aliiita mivinje. Nilipokuwa kijana nilimcheka, kwani picha ilionekana wazi kuwa ni ya Wazungu. Baadaye nilikuja kusoma kuwa watu wa visiwa mbalimbali vya Bahari ya Kati, wa Corfu, wa Ischia, wa Ponza, kila mmoja anadai kuwa kisiwa kilichochorwa ni chake. Mchoraji hakuwathibitishia. Basi sioni kwa nini Shangazi asidai chake.

Nilianza kuitafuta habari yake mwaka 1984, kwa sababu chini ya picha paliandikwa jina ambalo hakuna aliyeweza kulitamka nyumbani: Böcklin. Nikaenda maktaba ya mji, nikamwonyesha bibi wa maktaba jina hilo katika kikaratasi, akaniletea kitabu kikubwa, nami nikakaa nacho mchana mzima.

Arnold Böcklin alikuwa Mswisi, aliyezaliwa Basel mwaka 1827 na kufa Italia mwaka 1901. Alizaa watoto kumi na wanne, na wengi wao aliwazika mwenyewe. Alipokuwa akikaa Florence, chumba chake cha kuchorea hakikuwa mbali na makaburi ya Waingereza ya mji ule, na humo alizikwa binti yake mchanga. Miti mirefu meusi katika picha si mivinje bali ni miberoshi, ambayo tangu zamani watu wa Bahari ya Kati wameihusisha na wafu na kuipanda makaburini, kama sisi tulivyozoea kuona msanapiti kwenye makaburi yetu. Kwa hiyo mtu wa kule akiiona miti ile tu, kabla ya kuliona jeneza, amekwisha kujua alipo. Hapo nilifahamu kuwa Shangazi alikosea jina la mti, lakini maana yake hakuikosea.

Picha yenyewe ni ya rangi ya mafuta, nayo si moja, ziko tano. Ya kwanza aliianza mwaka 1880, na haikuwa na jeneza wala mtu mweupe. Ilikuwa haijamalizika pale alipotembelewa na mjane mmoja wa Kijerumani kutoka Frankfurt, jina lake Marie Berna. Mumewe alikufa kwa ugonjwa wa koo mwaka 1865. Bibi huyo akamwomba mchoraji amtengenezee picha ya kuotea ndoto, yaani picha atakayokaa mbele yake moyo ukaenda uendako. Akaipenda ile iliyokuwa inaendelea, na Böcklin akamchorea nyingine ndogo ya namna ile ile, juu ya ubao. Ni kwa ajili ya mjane huyo ndipo jeneza na mtu aliyesimama vikatiwa ndani ya mashua. Mchoraji akaona vimekaa vizuri, akaviongeza hata katika ile ya kwanza. Alipompelekea bibi picha yake, alimwandikia kuwa utulivu wake uwe kiasi cha mtu kushtuka mlango ukibishwa.

Jina la Kisiwa cha Wafu, linalojulikana leo dunia nzima, si lake. Lilitolewa na mfanyabiashara wa picha wa Berlin, Fritz Gurlitt, aliyeagiza picha ya tatu mwaka 1883. Böcklin mwenyewe katika barua yake aliitaja kuwa ni Kisiwa cha Makaburi. Niliposoma maneno hayo nilicheka peke yangu ndani ya maktaba, hata bibi wa maktaba akanitolea macho.

Jioni ile nilimkuta Shangazi jikoni anachambua mchele. Nikakaa nikamhadithia yote, na nilipofika kwa yule mjane akasimamisha mkono juu ya ungo.

"Mumewe alikuwa keshakufa siku ngapi?"

"Miaka kumi na tano, Shangazi."

"Miaka kumi na tano, na bado anataka aonyeshwe jeneza," alisema. Kisha akaendelea kuchambua, na baada ya kitambo akasema: "Basi naye hakuliona."

Sijui kama Bibi Berna aliliona jeneza la mumewe au hakuliona, kitabu hakikusema. Lakini Shangazi alikuwa hasemi juu ya Bibi Berna. Alinieleza jioni ile habari ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ingawa nilikwisha kufikia umri wa kuoa. Wengi katika nyinyi mnaijua nusu yake.

Aliondoka Unguja usiku, mwaka 1965, kwa mashua, na watoto wawili. Mumewe alibaki kwa sababu mama yake alikuwa kipofu na hana mwingine wa kumwangalia. Makubaliano yalikuwa kwamba atawafuata. Wakatokea Tanga, kisha Mombasa, wakapewa chumba na jamaa. Mwaka 1966 barua ikaja mkononi mwa baharia. Mume alikuwa amefariki kwa homa, na barua ilipofika zilikuwa zimepita siku arobaini na tatu. Alipouliza juu ya eda akaambiwa na mwenye elimu kuwa eda huanzia siku aliyokufa mume, si siku ilipofika habari. Kwa hiyo katika miezi minne na siku kumi, siku arobaini na tatu zilikuwa zimekwisha kukatwa, siku ambazo yeye alikuwa akenda sokoni na kucheka na watu, naye ni mjane na hajui.

"Hata eda yangu sikupewa kamili," alisema.

Kisha akaniuliza jambo ambalo limebakia kwangu kuwa ndiyo tafsiri ya picha ile, kuliko yote niliyoyasoma. "Kwetu sisi mwanamke haendi makaburini na jeneza, sivyo? Jeneza hutoka mlangoni na wanaume, sisi tunabaki ndani. Hilo nalijua na silalamiki. Lakini mimi hata mlangoni sikuwapo. Sasa mtazame huyu." Alinyoosha kidole kuelekea ukumbini, ingawa kutoka jikoni picha haionekani. "Huyu anakwenda naye mpaka gatini. Hana mtu wa kumzuia."

Kwa watu wengi mtu mweupe yule ni roho ya maiti, au kasisi, na wengine wamesema mwenye makasia ni yule mvushaji wa wafu katika hadithi za Wayunani wa kale. Katika macho yetu sisi, nguo nyeupe ya kufunika mwili mzima ni sanda, na Mjomba aliiona hivyo: maiti amesimama mbele ya jeneza lake mwenyewe. Shangazi peke yake ndiye aliyesema tangu siku ya kwanza kuwa huyo ni mke. Nami naona yuko karibu zaidi na asili, kwa kuwa mtu huyo na jeneza lake waliingia katika picha kwa ombi la mjane. Bibi Berna, niwape hadithi nzima, aliolewa tena baadaye akawa mke wa mtu mwenye cheo huko kwao, akiitwa Kontesi wa Oriola. Nilimwambia Shangazi hilo pia. Alisema, "Kafanya vizuri," akabeba ungo wake.

Nilijaribu kumpatia Ami ushindi wake, maana nilimwonea huruma. Nikasema: "Lakini Shangazi, Ami ana haki juu ya makasia."

"Najua," alisema. "Waliotutoa sisi walikuwa wawili, kabla ya kutweka tanga. Muda wote nyuso zao zilikuwa zinatazama Unguja. Sisi abiria ndio tuliokuwa tukigeuza shingo. Mashua ya kuondoka nimekwisha kuipanda. Ya pili siitaki ndani ya nyumba yangu. Na usimwambie ami yako, atajiona mshindi."

Sikumwambia. Shangazi alifariki mwaka 1993, na Idi zote zile tisa aliendelea kusema "Wanafika," akenda kutia chai.

Habari za picha nyingine nitazipitisha haraka. Ya kwanza iko katika jumba la makumbusho la Basel. Ile ya 1883, ambayo ndiyo iliyonakiliwa katika karatasi yetu, ilinunuliwa mwaka 1936 na Hitler, akaitundika kwake, na leo iko Berlin katika Alte Nationalgalerie. (Mjomba aliposikia hayo alisema alijua tangu zamani kuwa picha ile haina baraka.) Atakayepata bahati ya kuiona Berlin atazame vyumba vilivyochongwa katika jabali la upande wa kulia, juu ya mlango mmoja mchoraji aliandika herufi za mwanzo za jina lake, A.B., kana kwamba amejiwekea nafasi. Ya nne iliteketea Rotterdam wakati wa vita, imebaki fotografia tu isiyo na rangi. Ya tano, ya 1886, iko Leipzig. Mrusi Rachmaninoff aliona nakala isiyo na rangi akaitungia muziki, akaumaliza mwaka 1909. Mwanangu ananiambia kuwa katika muziki ule unasikia makasia. Mimi nimesikiliza mara mbili na sikuyasikia, lakini mimi si wa muziki.

Ya Bibi Berna mwenyewe, ile ndogo ya ubao, iliishia New York. Jumba la Metropolitan liliipata mwaka 1926. Nilikwenda kuiona mwaka 2011, nilipokuwa mgeni wa jamaa zetu wa New Jersey. Nilitazamia kitu cha kujaza ukuta. Nikakuta ubao wa kiasi cha sentimita 74 kwa 122, ambao mtu mmoja anaweza kuuchukua kwapani akatoka nao. Niliona kwa macho yangu jinsi weupe wa mtu yule na wa jeneza ulivyokuwa ndio mwanga wa kwanza unaokamata jicho, na mengine yote yanakuja nyuma yake. Katika karatasi yetu ya Portsmouth, iliyoungua kwa jua la dirishani, weupe huo ulikwisha kugeuka rangi ya chai. Kumbe Shangazi miaka yote ile alikuwa akitazama picha iliyofifia, na bado alianzia pale pale alipotaka mchoraji.

Nilipotoka nje nilimpigia simu Ami. Alikuwa bado yuko Portsmouth, amekwisha kupita miaka themanini, sikio moja halisikii. Nikamwambia nimeiona ya asili. Akauliza palepale: "Mwenye makasia anatazama wapi?"

"Kisiwani, Ami."

"Nilisema."

Basi nikaona haina maana tena kuificha, nikamwambia yale aliyoyasema Shangazi mwaka 1984 juu ya wale wawili waliovuta makasia usiku ule. Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

"Alijua?" aliuliza.

"Alijua tangu mwanzo."

Akanyamaza tena. Kisha akauliza kwa sauti yake ya kazi: "Na nyuma ya mashua, umeona maji yamekatika? Mna povu, au mstari wowote?"

Nikamwambia hapana, maji yametulia kabisa, hata kivuli cha kisiwa kinaonekana ndani yake.

"Basi chombo kimesimama," alisema Ami. "Huyo wa makasia anapumzika tu." Akaniuliza kama New York ni baridi, na kama nimekula.